Kesi ya Bibi Funguo

Watoto wa watu huondoka nyumbani kwa sababu ya mume, au kazi, au ugomvi wa sufuria. Mjukuu wangu aliondoka kwa sababu ya kitabu cha hadithi, tena hadithi ya lifti. Nikisema hivyo watu hucheka, nami huwaacha wacheke, maana kueleza kunachosha kuliko kushona marinda.

Mtoto huyo tulimwita Sindano. Alikuwa mwembamba tangu utotoni, na ulimi wake ukikugusa ni lazima useme "aa". Mama yake, binti yangu wa pekee, alimleta kwangu akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Alimkalisha juu ya meza yangu ya kukatia, kati ya mkasi na vipande vya kitambaa cha sare, akasema anakwenda kutafuta maisha, akishatulia atarudi kumchukua. Alitulia. Alipata mume, akapata nyumba yenye geti, akapata watoto wengine. Kumchukua ndiko hakukuwezekana. Siku ile jirani yangu Muuguzi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, anangoja gauni lake la kazini lipunguzwe kiuno. Aliyaona yote.

Sikumficha mtoto kitu. Kila alipouliza nilimjibu kwa kadiri ya umri wake, kama unavyomkatia mtoto nguo, hukati ya leo tu, unaacha na pindo la kufumua kesho. Namba ya simu ya mama yake nilimpa nilipoona ana akili ya kuitumia. Alipiga. Mama yake akapokea, akasema, "Niko kazini, nitakupigia." Mpaka leo yuko kazini.

Basi tukabaki wawili, katika chumba kimoja kilichogawanywa na pazia. Mbele ni cherehani, pasi, na rundo la mashati ya shule yanayongoja vifungo. Nyuma ni vitanda viwili. Mimi nilimwita mke mwenzangu, yeye akaniita mzee wa pindo, na mume tuliyemgombania ni redio. Alipokua akapata kazi katika duka la vitabu na madaftari, na huko ndiko alikokitoa kile kitabu cha kwanza.

Nawaeleza kidogo, ili msipotee. Ni mfululizo wa vitabu kuhusu msichana fundi wa lifti katika jengo refu la mjini. Ukibonyeza vibaya vitufe vya lifti, inasimama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, na hapo kati kuna mji mwingine. Wanakaa humo watu waliosahauliwa, watu waliouza vivuli vyao, na majini wanaovaa suti na vitambulisho shingoni kama makarani. Njiwa wa kwenye nyaya za umeme ndio wapeleka habari. Mama yake huyo Fundi alipotelea humo kati, binti akiwa mchanga. Aliyemlea ni bibi yake, mtunza jengo, anayeitwa Bibi Funguo kwa sababu ya mafungu ya funguo yanayoning'inia kiunoni mwake. Nilimpenda bibi yule kuliko wote. Hana maneno mengi. Anapaka mafuta minyororo ya lifti, anampasha mjukuu wake maji ya kuoga, akiudhika anahesabu funguo. Nilisema, huyu mwandishi amewahi kukaa na bibi.

Sindano alikuwa akisoma kwa sauti Jumamosi mchana, mimi nikishona vifungo kwa mkono ili cherehani isipige kelele. Ukuta wetu na wa Dobi ni mmoja, tena ni wa mbao. Siku moja Dobi akagonga kutoka upande wake: "Rudia hapo, alisema nini yule njiwa? Nilikuwa nakung'uta shuka!" Tukamwambia aje na kiti chake. Akaja. Jumamosi iliyofuata Kinyozi wa mkabala akaja kuulizia kicheko, akabaki. Muuguzi akajiunga akiwa hana zamu. Tukawa watu wa kitabu.

Tulikuwa na sheria zetu. Kitabu ni kimoja, msomaji ni mmoja, na anayechungulia mbele ya wenzake ananunua soda kwa wote. Kitabu kikiisha, Jumamosi inayofuata ni kesi. Tunamchagua mtu mmoja wa kitabuni aliyetukera, tunamshitaki. Kuna mshitaki, kuna wakili wa kumtetea, na hakimu ni mimi, kwa kuwa nina mkasi na nyumba ni yangu. Hukumu inapigwa kwa vifungo: cheupe hana hatia, cheusi ana hatia, mnatumbukiza katika kopo mkono ukiwa umefumbwa. Wakili akishindwa, anaosha vikombe vya watu wote. Kuna jini mmoja aliyeuza kivuli cha kaka yake, aliachiwa huru kwa sababu Dobi alimtetea mpaka akatoa machozi. Kuna njiwa alipatikana na hatia, na Kinyozi, wakili wake, alimnyoa Dobi, aliyekuwa mshitaki, wiki ile akamwachia kishungi kisogoni kwa makusudi. Dobi alitembea nacho siku nzima akidhani watu wanamsalimia kwa heshima.

Kikaja kitabu cha saba.

Sindano alikisoma vizuri kama kawaida yake, sauti ya majini puani, sauti ya njiwa kooni. Hata tukafika sura ya karibu na mwisho. Fundi anaifungua lifti kwa nguvu, anamkuta mama yake. Na mama hakuwa amepotea. Miaka yote alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa lifti, anagonga, kila siku anagonga, na Bibi Funguo alikuwa anamsikia. Alipomsikia, alizungusha ufunguo mara ya pili, akaongeza sauti ya redio, akaendelea kumpashia mtoto maji ya kuoga.

Hapo Sindano alisoma kwa sauti yake mwenyewe. Haikuwa ya puani wala ya kooni. Nami nilijichoma kidole, nikakinyonya, nikasema moyoni: mwandishi huyu hajawahi kukaa na bibi.

Wenzangu walipokuwa wakibeba viti vyao kurudi, Muuguzi aliniinamia. "Dada, hii ya Jumamosi tuiache. Tushitaki mtu mwingine. Majini wamejaa."

"Ni kitabu tu," nikamwambia. Nilitaka kiwe kitabu tu.

Jumamosi ilipofika Sindano alisimama kabla chai haijamiminwa. "Namshitaki Bibi Funguo," akasema. "Na mshitaki ni mimi."

"Hakimu ajitoe!" Kinyozi akaruka. "Naomba radhi mama yangu, lakini wewe ni bibi, unalea mjukuu, na funguo hizo hapo kiunoni. Kesi ya ngedere hatumpelekei nyani."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikavua tepu ya kupimia shingoni mwangu nikamvisha Kinyozi, ndiyo joho la uhakimu. "Haya, hukumu wewe. Mimi nitamtetea bibi mwenzangu."

"Wakili ana njaa ya kuosha vikombe," akasema Dobi.

Mshitaki akaanza. Alikuwa ameshika kitabu kifuani kwa mikono miwili. Akaeleza kosa: mtoto amelelewa akijua hakutakwa, kumbe alitakwa. Ameibiwa mama akiwa yuko hatua mbili tu, nyuma ya bati. "Na aliyemwibia," akasema, "ndiye aliyekuwa akimfuta machozi."

"Shahidi wa kwanza, Dobi," akasema hakimu.

Dobi alikuwa amejiandaa, hata shati alikuwa amelinyoosha. "Waheshimiwa. Mimi ninafua nguo za watu, naona mengi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hata paka humbeba mwanawe mdomoni, anavuka naye barabara. Mama hamtupi mtoto! Ukiona mama amemwacha mtoto, usimtazame mama. Tafuta mkono wa mtu. Mkono upo! Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Alisema hayo kwa furaha, jasho linamtoka, anajipiga kiganja gotini kwa kila neno. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anafurahia kesi. Lakini Sindano hakuwa anamtazama Dobi. Alikuwa ananitazama mimi.

Ikawa zamu yangu. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini vile vitabu vyote saba vimo kichwani, sura kwa sura. Nikasema, "Kuzaa si kazi, kazi kulea. Hilo moja. La pili, kitabu cha kwanza, kule mwanzoni kabisa, tuliambiwa nini? Tuliambiwa wanaokaa kati ya ghorofa huiga sauti za watu. Jini mmoja alimwita mlinzi kwa sauti ya marehemu baba yake, mlinzi akafungua, akaliwa kivuli. Sasa Bibi Funguo anasikia sauti ya binti yake nyuma ya mlango. Atajuaje ni binti? Ana mtoto mchanga chumbani. Afungue?"

"Aaa! Hoja!" Kinyozi akapiga meza kwa tepu. "Hoja nzito hiyo!"

"Nzito," Dobi akakubali. "Hiyo sikuiwaza."

Nilijisikia vizuri kidogo. Sindano hata hakufungua kitabu. "Fundi alipofungua alimkuta mama yake kweli," akasema. "Si jini. Kucha zimeisha kwa kugonga. Angetaka kujua, angemuuliza swali moja tu la nyumbani, lile ambalo jini hawezi kulijua. Hakuuliza kwa sababu hakutaka jibu." Akasogea. "Wakili, naomba nikuulize."

"Niulize, mshitaki."

"Mama mtu akija mlangoni, bibi ana haki gani ya kuamua kama mtoto amwone au asimwone?"

"Hana."

"Hana?"

"Hana haki yoyote. Akija mlangoni unafungua. Mimi nimeuacha mlango wazi tangu ulipokuwa unatambaa, na hakuja mtu kukuchukua. Mimi ndiye niliyemngoja kuliko wewe."

Lilinitoka tu. Sindano akafungua kitabu, palepale alipokuwa ameweka kidole, akasoma: "'Msinihukumu,' akasema Bibi Funguo. 'Mlango wangu ulikuwa wazi. Mimi ndiye niliyemngoja kuliko ninyi nyote.'" Akakifunga.

"Kamnasa!" akasema Kinyozi, akapiga mluzi. Kisha akanitazama usoni, mluzi ukamwishia mdomoni.

Muuguzi akainuka kutoka kwenye kiti. "Sindano, mwanangu, basi. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa hapahapa. Nilimwona mama yako kwa macho haya, alikuweka pale mezani, hakugeuka nyuma hata wewe ulipolia. Bibi yako alimkimbilia mpaka barabarani na sindano ipo mdomoni."

"Kitabuni pia yupo jirani aliyeona kwa macho yake," Sindano akajibu. "Akaapa. Na kivuli chake alichouza kilikuwa kwenye mfuko wa nani? Wa Bibi Funguo."

Dobi akacheka, kwa kuwa jibu lilikuwa kali na kesi zetu ndivyo zilivyo. Akacheka peke yake.

Mngetarajia tuahirishe. Hatukuahirisha. Kopo likazunguka, kila mtu akatumbukiza kifungo, isipokuwa mimi, maana wakili hapigi. Kinyozi akalimimina juu ya meza. Cheupe kilikuwa kimoja, kikubwa, cha koti. Muuguzi alikichagua kikubwa kwa makusudi. Vilivyobaki vilikuwa vyeusi. Dobi alisema kwa sauti ya chini, "Ni kwa mujibu wa kitabu tu, Wakili," na mimi nikasema, "Najua," nikakusanya vikombe.

Nilikuwa kwenye beseni, mikono imo povuni, Sindano akaja kusimama nyuma yangu.

"Bibi. Hakuja hata mara moja?"

"Alikuja mara moja. Alifuata cheti chake cha shule. Ulikuwa umelala. Nikamwuliza kama nikuamshe, akasema, muache alale."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia. Ulilia mpaka ukatapikia kitambaa cha mteja, kile cha bluu. Nikakifua mara tatu."

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka."

"Wewe ndiye unayekumbuka kila kitu, Bibi," akasema. "Mimi ninakumbuka ulichoniambia tu." Akachukua kitambaa, akafuta vikombe vyote, akavipanga kwa ukubwa kama nilivyomfundisha.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini, akatia kitabu mkobani, akaenda kwa mama yake. Hakuniaga kuwa anakwenda huko, lakini alivaa lile gauni nililomshonea la kumaliza shule, na mtu haendi kupanga madaftari na gauni lile.

Simu iliita adhuhuri. Nilikuwa naweka kola. Ilikuwa sauti ya binti yangu, ambayo nilikuwa sijaisikia tangu alipojifungua mtoto wake wa mwisho.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa anaongea chinichini, na nyuma yake bomba la maji limefunguliwa. Nilijua yuko jikoni na anaficha sauti. "Mtoto wako yuko hapa," akasema.

"Mtoto wangu?"

"Mama, usianze. Amekaa sebuleni, ameweka kitabu mapajani kama mhubiri. Ananiuliza mbele za watu kama wewe ulinizuia nisimchukue."

"Ukamjibu nini?"

Bomba likaendelea kumwaga. Nikawaza, maji yanapotea.

"Nimemwambia ndiyo."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. "Kwa nini?"

"Mume wangu alikuwa amekaa pale. Watoto wapo pale, wanasikiliza. Ulitaka niseme nini, mama? Niseme sikumtaka? Niseme hivyo, mbele yao?" Akavuta pumzi. "Tena yeye mwenyewe ndiye aliyenipa hilo neno. Alikuja nalo tayari. Ilikuwa kuitikia tu. Wewe ni mtu mzima, mama, utabeba. Umeshazoea."

"Haya. Nimebeba. Sasa mchukue, akae kwako. Kama nilikuzuia, sikuzuii tena."

"Aa, mama. Nyumba yenyewe hii… Hapana, nimempa nauli. Nimemwambia nitampigia."

Nilikata simu. Mimi sijawahi kumkatia mtu simu, hata wanaokosea namba huwasikiliza mpaka wamalize. Nikarudi kwenye kola nikaishona, nikaikuta nimeishona ndani nje, nikaifumua, kitambaa kikachanika. Ilikuwa shati la mtoto wa watu.

Siku mbili hakurudi. Nilijua yuko salama kwa kuwa Kinyozi alimwona dukani anauza kalamu. Siku ya tatu, mchana, akaingia na begi tupu. "Shikamoo, Bibi," akasema, na mimi sikuwa nimezoea. Sisi tulikuwa tunasalimiana kwa kutaniana. "Marahaba," nikasema. Akapita nyuma ya pazia, nikasikia anakunja nguo.

Nikamfuata. Alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, anatenga zake na zangu, na kila akikuta yangu anaikunja vizuri zaidi.

"Mama amesema ulimkataza," akasema bila kugeuka.

"Najua alivyosema. Alinipigia."

Mikono yake ikasimama. "Amekupigia wewe?"

"Juzi ileile. Ulikuwa bado upo sebuleni."

"Mimi aliniambia atanipigia." Akakunja blauzi, akaikunjua, akaikunja tena. "Alisemaje?"

Nikamwambia. Sikuongeza, sikupunguza. Bomba, mume, watoto, neno alilokuja nalo mwenyewe likaitikiwa. Nilipomaliza alikuwa anatikisa kichwa polepole, karibu anatabasamu.

"Bibi Funguo pia alisema hivyo. Alisema mama amekiri kwa hofu."

"Mjukuu wangu, mimi si mtu wa kitabu. Nina goti bovu. Nina shati la mtoto wa watu nimelichana kwa ajili yako. Nikuambie nini ambacho huyo mwandishi hajamwambia yule bibi kwanza?"

Hapo akageuka. Nilidhani nitamwona na hasira, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Alikuwa mtoto kabisa usoni.

"Niambie ulimzuia," akasema.

"Nini?"

"Sema tu, Bibi. Sema alikuja, akagonga, ukakataa kufungua. Sitakuchukia, nakuapia. Nitakaa hapahapa. Nitaendelea kukusomea. Watu hawatajua, sitawaambia. Sema tu aligonga. Hata mara moja."

Ndipo nilipoelewa kesi yote. Hakuwa mjinga, Sindano wangu. Alijua. Alisimama siku ile na kitabu kifuani akanishitaki akijua, kwa kuwa kati ya bibi mbaya na mama asiyemtaka, bibi mbaya alikuwa nafuu. Bibi mbaya anasameheka. Na malipo ya kusema neno lile yalikuwa ni kubaki naye, na kitanda cha pili kuwa na mtu, na Jumamosi zangu.

Nilifungua mdomo. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilifungua mdomo. Neno lenyewe dogo. Lakini mtoto huyu nimempa yote. Nilimpa macho, nikashona kwa taa mbovu ili nimlipie shule. Nilimpa goti. Nilimpa uzee wangu, wenzangu walipokuwa wanapumzika na kuletewa wajukuu wa kubusu tu. Kitu kimoja nilichokuwa nacho mwenyewe ni kwamba sikumfungia binti yangu mlango. Nikilitoa na hilo, basi kwenye maisha yangu yote hakuna jambo langu. Nitakuwa nimekaa miaka yote nikilea mtoto wa kuiba.

"Hakugonga, Sindano," nikasema.

Akangoja, kana kwamba nitaongeza.

"Hata mara moja," nikasema.

Akafunga zipu ya begi. Ilikwama katikati, ile zipu huwa inakwama, nikainama nikaishika kwa chini akaivuta, ikapita. Akasema, "Asante, Bibi." Akatoka na kitabu kwapani. Sikumkimbilia. Nilimkimbilia mama yake siku ile na haikusaidia kitu.

Jumamosi Dobi alikuja na kiti chake. Alikuwa ameshasikia, ukuta ni wa mbao. Akasimama mlangoni amekikumbatia.

"Hakimu, mimi nilikuwa nasemea kitabu."

"Najua, Dobi. Ulisema vizuri."

"Sikujua kama mambo…"

"Ulijua. Umeishi nyuma ya ukuta huu tangu yule mtoto ananyonya kidole. Mlijua wote. Mlisahau kidogo kwa sababu hadithi ilikuwa tamu."

Akaangalia viatu vyake. "Wanasema kitabu cha nane kinaandikwa," akasema. "Labda humo Bibi Funguo atasafishwa. Huyu mwandishi huwa anageuza."

Nilimtazama nikaona anamaanisha. Anataka kunifariji, na faraja yake ni kwamba mtu nisiyemjua, mahali nisipopajua, huenda akanionea huruma. Nikamwambia arudi na kiti chake nyumbani, na nikamwomba anisaidie kwanza kulisogeza lile rundo la mashati. Akalisogeza. Ni mtu mwema.

Habari nyingine naletewa na Muuguzi. Sindano amepanga chumba na mfanyakazi mwenzake. Amekonda, na alikuwa hana cha kukonda. Mama yake alimpokelea simu mara ya kwanza, mara ya pili ikapokewa na mtoto, sasa haipokewi. Muuguzi alimwambia, "Nenda kwa bibi yako, mwanangu, anakungoja." Sindano akamjibu kwamba mama yake yuko na kazi nyingi.

Juzi nilipeleka sare shuleni nikapita kwenye lile duka. Alikuwa nyuma ya kaunta, anapanga vifutio. Akainua macho, akaniona pale nje na fuko langu. Tulitazamana kitambo kidogo tu. Kisha akainama chini ya kaunta kama anayetafuta kitu kilichoanguka, na akakaa hukohuko chini, mteja akawa anaita, "Dada? Dada?" Nikaondoka ili aweze kuinuka.

Njia ya kuja kwangu anaijua. Ila akiingia mlangoni kwangu atakuwa amekubali kwamba hakuna aliyegonga. Kwa hiyo haji.